Fanani Mmoja, Ala Moja: Enanga ya Wahaya na Gitaa la Mwenda Jean-Bosco



Mwaka 1952, katika mji wa Jadotville, ambao leo ni Likasi, Hugh Tracey alimrekodi kijana wa miaka ipatayo 22 akiimba kwa Kiswahili cha Katanga na kujipigia gitaa kavu peke yake. Kijana huyo ni Mwenda Jean-Bosco, na wimbo wake mashuhuri ni "Masanga". Je, wimbo wa namna hiyo ni fasihi ya Kiswahili? Ninadai kwamba ni fasihi, na hoja yangu ninaianzia Ijumbi, wilayani Muleba.

Msikilizaji wa Ijumbi aliyekulia katika mila za Wahaya hashangazwi na fanani mmoja mwenye ala moja. Mtezi wa enanga hufanya hivyo. Ala yake ni ubao uliochongwa, na ugwe mmoja hupitishwa juu yake mara kadhaa ukawa nyuzi nyingi. M. M. Mulokozi, katika tasnifu yake ya mwaka 1986, alionyesha kwamba masimulizi ya enanga ni tendi kamili. Hakuna aliyeweza tena kuyaita burudani tu.

Sidai kwamba gitaa lilitokana na enanga. Gitaa lilitoka ng'ambo. Aidha, zipo tofauti za msingi. Kihaya ni lugha ya toni, hivyo kiimbo cha mtezi hakiwezi kupuuza toni za maneno yake. Kiswahili hutegemea mkazo, na Bosco alikuwa na uhuru mpana zaidi. Wala Bosco hakuwa mgeni kabisa kwetu: alizaliwa Bunkeya, makao ya Wayeke, ambao asili yao ni Tanzania magharibi.

Inafaa pia kukumbuka kwamba neno "jazi" kwetu lilikuja kumaanisha bendi, kama Tabora Jazz na Western Jazz, hata pale ambapo muziki wenyewe haukuwa jazi ya Marekani. Bendi hizo zilipovuma, mpiga gitaa wa peke yake alisahaulika, na wahakiki wa fasihi wakamsahau pia.

Kosa letu ni kunukuu maneno na kuziacha nyuzi. Bosco akinyamaza, gumba na kidole cha shahada huendeleza usemi. Anayesoma matini tupu hudhani wimbo ni mfupi na maskini. Mtezi wa enanga naye huacha nyuzi ziseme. Katika sanaa zote mbili, ala ni msemaji wa pili.

Kwa hiyo ninapendekeza kwamba kila matini ya fasihi simulizi tunayofundisha iambatane na sauti yake. Watezi wazee wanaondoka. Tukibaki na daftari peke yake, tutakuwa tumehifadhi nusu ya mazungumzo.