Mtoto Kaanguka, Nani Analipa?

Wasikilizaji, hasa akina mama mlioko California mnaolea watoto wa wenzenu nyumbani kwa leseni: mtoto kateleza bafuni, mkono umevunjika, mzazi anadai fidia. Nani analipa?

Wengi hujibu, "Nina bima ya nyumba." Polepole hapo. Bima hiyo kwa kawaida haigusi biashara ya malezi. Mgeni aliyekuja kunywa chai akianguka, huenda ikamhusu. Mtoto unayelipwa kumlea ni habari nyingine.

Sheria ya jimbo inakupa njia tatu. Bima ya dhima, isiyopungua dola 100,000 kwa kila tukio na dola 300,000 kwa mwaka. Au dhamana ya dola 300,000. Ya tatu ndiyo inayokimbiliwa, maana haina ada: kila mzazi anatia saini hati ya kiapo kwamba ameelezwa huna bima, nawe unaiweka kwenye faili.

Sasa tegeni sikio. Saini hiyo inaonyesha tu kwamba mzazi ameambiwa. Haikufutii dhima. Ukikutwa na uzembe, deni ni lako, na akiba yako imo hatarini. Kama umepanga, mzazi aelezwe pia kwamba bima ya mwenye nyumba huenda isimlinde mtoto wake.

Ukiamua kukata bima, mbane wakala kwa maswali: msaidizi wangu yumo? Tukiwapeleka watoto bustanini je? Na gari? Gari, mara nyingi, huhitaji bima yake peke yake.