Harufu ya Jiko Ndani ya Nyumba
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wafanyakazi wa mashamba, Saboti)



Leo hatusemi juu ya mshahara. Tunasema juu ya jiko la makaa, maana aliyekufa usingizini hadai mshahara.

Hapa Saboti, chini ya Mlima Elgon, baridi ya Juni mpaka Agosti twaijua sote. Mtu hurudi kambini amelowa, huingiza jiko chumbani, hufunga mlango na dirisha, hata ufa wa chini huuziba kwa gunia. Joto laingia. Lakini na kitu kingine chaingia.

Tuanze na harufu. Moshi unaochoma macho waonyesha kwamba makaa hayakuiva au yamelowa: jiko likae nje mpaka moto ushike. Harufu ya plastiki au rangi maana yake mtu amewashia karatasi za nailoni au mbao zilizopakwa rangi. Moshi huo ni sumu, tuache desturi hiyo. Wenye mitungi ya gesi wajue kwamba harufu ile mbaya imetiwa makusudi, ili tuonywe gesi ikivuja. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hutanda sakafuni. Ukiisikia, usiwashe kiberiti, usiguse swichi ya taa. Funga mtungi, fungua mlango, toa watoto nje.

Sasa shikeni neno hili kubwa: adui mbaya kuliko wote hana harufu. Makaa yakiwaka bila hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi. Haionekani, hainuki, haina ladha. Hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na mwili hukosa hewa. Kwa hiyo jiko lenye makaa mekundu, lisilo na moshi hata kidogo, ambalo wengi wetu huliamini, ndilo liuwalo. Sufuria ya maji juu yake haiondoi sumu hiyo.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kulegea. Watu wa chumba kimoja wakiumwa kichwa pamoja wakati jiko linawaka, msiseme ni malaria tu. Fungueni mlango, watoeni nje, wapelekeni hospitali upesi. Na kila usiku, kabla ya kulala, jiko litolewe nje, hata kama moto unaonekana kufifia.

Wako watakaosema kwamba wafanyakazi ni wajinga. Sivyo. Mtu anayelala na watoto katika chumba kimoja kisicho na tundu la hewa, na blanketi moja, hakuchagua hatari hiyo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 31, yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi nyumba ya kufaa, au amlipe fedha za kutosha za kupangia. Chumba kisichopitisha hewa chafaa nini?

Kwa hiyo twaomba kila kamati ya kambi ihesabu vyumba visivyo na matundu ya hewa, iandike orodha, na iilete mkutanoni kabla ya baridi kuanza. Mtu mmoja akilalamika ataambiwa afungue dirisha asilokuwa nalo. Tukienda sote na orodha mkononi, tutasikilizwa.

Umoja ni nguvu.