Tairi Kubwa na Hatua Ndefu

Katika somo lililopita tulizidisha hesabu zenye nukta. Leo hesabu hiyo tutaitia kazini. Tutasoma maandishi ambayo wengi wetu tumeyapita mara nyingi bila kuyatazama, nayo ni maandishi yaliyo ubavuni mwa tairi la gari.

Labda mmoja wenu atauliza, "Mwalimu, mimi sina gari, maandishi hayo yanihusu nini?" Yanakuhusu. Kama huna gari, basi u abiria, au mtoto wako hupita kando ya barabara akienda shule. Sikilizeni basi, na kila mmoja awe na kalamu na daftari.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka michache iliyopita nilinunua gari la familia lililokwisha kutumika, la aina ile inayovuta kwa magurudumu yote manne. Nilitaka liwe la kutupeleka kumwona mama yangu mzazi, upande wa Sikonge. Huko ukiacha lami unaingia njia ya mchanga katikati ya miombo, na wakati wa masika njia hiyo hukata mbuga za udongo mweusi. Safari ya kwanza tulinasa. Rafiki zangu wakanishauri, "Gari lako liko chini mno. Funga matairi makubwa, litapita popote." Sikuuliza swali hata moja. Nina stashahada ya chuo kikuu, lakini siku ile sikusoma ubavu wa tairi. Nikauza matairi yangu, nikanunua mengine makubwa zaidi, nikaona fahari gari liliposimama juu.

Siku ya pili tukasafiri: mimi, mke wangu, watoto watatu, na nyuma magunia mawili ya mahindi. Tulipofika kijiji kimoja tukaona kibao kilichoandikwa 50. Nikatazama kipima mwendo, sindano iko kwenye 50 kamili, nikatulia. Mara mtoto akakatiza barabara akimfukuza mbuzi. Nikakanyaga breki kwa nguvu zangu zote. Mtoto alipita salama. Mbuzi hakuwahi.

Nilimlipa mwenye mbuzi, naye akanipokea kwa heshima, lakini usiku ule sikupata usingizi. Nilijiuliza, "Nilikuwa katika 50. Mbona gari halikusimama nilipozoea kulisimamisha?" Jibu nililipata kwa kalamu na karatasi, nalo ndilo somo letu la leo.

KUSOMA UBAVU WA TAIRI

Andikeni namba hizi: 245/70 R16. Haya ndiyo yalikuwa maandishi ya matairi yangu ya kwanza.

Namba 245 ni upana wa tairi kwa milimita. Namba 70 si milimita, ni asilimia. Maana yake, kimo cha ubavu wa tairi ni sehemu 70 katika kila 100 za ule upana. Herufi R yaeleza jinsi nyuzi za ndani zilivyopangwa, nayo ni ya kawaida katika matairi ya siku hizi. Namba 16 ni kipenyo cha ringi, yaani kile chuma cha katikati, nayo hupimwa kwa inchi. Inchi 1 ni milimita 25.4.

Sasa tutafute kimo cha tairi zima. Zidisheni 245 kwa 0.70, mtapata 171.5. Huo ni ubavu mmoja. Tairi lina ubavu juu ya ringi na ubavu chini ya ringi, kwa hiyo zidisheni kwa 2, mtapata 343. Ringi ni 16 mara 25.4, yaani 406.4. Jumlisheni: 343 na 406.4 ni milimita 749.4.

Matairi yale makubwa yaliandikwa 265/75 R16. Fanyeni vivyo hivyo. Ubavu mmoja ni 198.75, mbavu mbili ni 397.5, ukiongeza ringi wapata 803.9. Toeni 749.4, inabaki 54.5.

Je, gari langu lilipanda juu milimita 54.5? La. Nusu ya ongezeko hilo iko juu ya ringi, na nusu iko chini. Gari hupanda kwa ile nusu ya chini tu, yaani milimita 27 na kidogo. Pimeni katika rula. Haifiki upana wa vidole viwili. Fedha zangu zote zile nilizitoa kwa vidole visivyotimia viwili!

HATUA YA MPAGAZI

Mji wetu wa Tabora ulikuwa kituo kikubwa cha misafara iliyotoka Bagamoyo na kwenda Ujiji. Burton na Speke walifika hapa mwaka 1857. Livingstone na Stanley walikaa Kwihara mwaka 1872, na tembe lao leo ni nyumba ya makumbusho. Lakini safari hizo zilibebwa na wapagazi, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 hivi begani au kichwani.

Haya, fikirini wapagazi wawili, mmoja mrefu na mmoja mfupi, wanaotoka Tabora kwenda Kwihara. Kila mmoja anahesabu hatua zake. Wakifika, mfupi atakuwa na hatua nyingi, na mrefu atakuwa na chache. Mtu asiyewaona, akisikia hesabu tu, atadhani yule mrefu alikwenda safari fupi. Kumbe njia ni ile ile moja.

Kipima mwendo cha gari ni kama mtu huyo. Hakioni barabara. Katika magari mengi huhesabu mizunguko, kisha hukisia njia kwa urefu wa hatua kilioambiwa kiwandani. Tairi langu la zamani likizunguka mara moja lilikwenda kama mita 2.35. Lile kubwa lilikwenda kama mita 2.53. Mimi nilimpa gari miguu mirefu, lakini sikumwambia mwenye kuhesabu.

Gawanyeni 803.9 kwa 749.4, mtapata kama 1.07. Basi kipima mwendo kiliposema 50, gari langu lilikwenda zaidi ya 53. Kikisema 80, gari laenda karibu 86. Yawezekana mtu akasema, "Tatu tu, ni neno gani?" Sikilizeni vizuri. Umbali wa kusimama kwa breki haukui sawasawa na mwendo. Hukua kwa mwendo uliozidishwa kwa wenyewe. Zidisheni 1.07 kwa 1.07, mtapata kama 1.14. Gari lililosimama kwa mita 20 sasa lataka karibu mita 23. Katika mita hizo 3 ndimo alimokufa mbuzi. Tena tairi kubwa ni zito zaidi na mkono wake ni mrefu zaidi, lakini breki ni zile zile za zamani.

Mrudieni yule mpagazi mrefu. Akipanda mlima na mzigo, kila hatua yake ndefu humgharimu nguvu zaidi. Injini nayo ni hivyo. Kwa tairi kubwa itabidi ushuke gia mapema mlimani na mchangani, na mafuta yatakwenda zaidi.

FAIDA YAKE NI IPI?

Sisemi kwamba tairi kubwa halina faida. Laweza kuvuka shimo kwa urahisi zaidi, na vile vidole viwili huweza kuokoa chuma cha chini kisigonge kisiki. Lakini tulinasa kwa sababu nyingine. Mchangani nilikuwa nimejaza upepo mwingi kama wa lami. Ukipunguza upepo kiasi, tairi hulala na kupata mguso mrefu wa ardhi, gari likapita. Ukirudi kwenye njia ngumu ni lazima ujaze tena kabla ya kwenda mbio, kwa maana tairi lenye upepo mdogo hupata joto na kupasuka. Na kwenye mbuga ya udongo mweusi iliyojaa maji, udongo huziba meno ya tairi lolote, kubwa au dogo, likateleza kama lenye kipara. Hapo dawa ni kungoja au kuzunguka njia nyingine. Kawia ufike.

Mwishowe nilirudisha ukubwa wa zamani, matairi yenye meno ya njia mbovu, nikanunua pampu na kipimo cha upepo. Mama yangu tunamfikia.

KABLA YA KUNUNUA

Kama umekwisha kuamua kubadili, fanya mambo haya sita.

1. Soma matairi uliyo nayo, na kibandiko kilicho penye mlango wa dereva. Hapo pameandikwa ukubwa na kiasi cha upepo.

2. Piga hesabu ya kimo kama tulivyofanya. Mafundi wengi huona tofauti ya asilimia 3 kuwa ndiyo mpaka. Yangu ilizidi asilimia 7.

3. Gari likiwa na mzigo, geuza usukani mpaka mwisho, kushoto na kulia. Tairi likigusa madigadi au chuma, halifai.

4. Matairi yote yawe ya kimo kimoja, pamoja na lile la akiba. Gari linapovuta kwa magurudumu yote manne katika njia ngumu, matairi yenye hatua mbalimbali hushindana, na meno ya gia huumia. Tazama pia kama la akiba laingia mahali pake.

5. Soma namba ya mzigo inayofuata ukubwa. Ukiona 112, si kilo 112. Ni alama ya kilo 1,120 kwa tairi moja. Isiwe chini ya ile ya kiwandani.

6. Soma tarehe. Tafuta namba nne za mwisho baada ya herufi DOT. Namba 2319 maana yake juma la 23 la mwaka 2019. Tairi lililopakwa rangi nyeusi likang'aa laweza kuwa zee, lakini namba haipakwi rangi ikawa changa.

Ukimaliza kufunga, pima kipima mwendo chako. Vingi hutoka kiwandani vikizidisha kidogo, kwa hiyo usikisie. Penye nguzo za kilomita, nenda kutoka nguzo moja hadi ya kumi baada yake. Kama gari laandika 9.3 badala ya 10, umejua hatua yako imerefuka. Mwambie fundi, na kila dereva wa gari hilo aambiwe pia.

MAZOEZI

1. Tafuta kimo cha tairi la 265/70 R16. (Ukipata milimita 777.4 umepata.)

2. Tairi limeandikwa 0821. Lilitengenezwa juma la ngapi, mwaka gani?

3. Kipima mwendo chasema 60, na hatua imezidi mara 1.07. Mwendo wa kweli ni upi?

4. Nenda kwenye gari lolote lililosimama, omba ruhusa kwa mwenyewe, unakili maandishi ya matairi yote. Je, yanalingana? Msomee mwenye gari yale uliyoyaona.

Zoezi hilo la nne ndilo kubwa kuliko yote. Wako watu wenye magari ya thamani ambao hawajapata kulifanya, na mimi nilikuwa mmoja wao. Wewe uliyeanza kusoma mwaka huu waweza kumwambia dereva jambo ambalo halijui, naye akashukuru. Juma lijalo tutasoma risiti na stakabadhi. Kwaherini.