Kujitayarisha kwa Chuo cha Udaktari

Wasikilizaji wangu wa Bukoba na Muleba, jioni hii nataka kusema nanyi juu ya kijana atakaye kuwa daktari, lakini hati yake ya mtihani ni dhaifu. Wazazi wameuza kahawa miaka mingi ili kupata karo, nao sasa wauliza, Je, safari imekwisha?

Haijakwisha, wala tusimdanganye kijana. Chuo cha Bugando kiko Mwanza, ng'ambo ya ziwa, na Muhimbili iko Dar es Salaam. Vyote viwili hutazama kwanza masomo matatu ya Kidato cha Sita: Fizikia, Kemia na Baiolojia. A huhesabiwa pointi 5, B 4, C 3, D 2, na E 1. Aliyefikia kiwango cha chini amepata ruhusa ya kuomba tu. Nafasi hupewa waliomzidi, maana waombaji ni wengi kuliko nafasi zenyewe. Kupeleka hati ile ile mwaka hata mwaka ni kumsumbua karani.

Basi na atazame ni somo gani lililomwangusha. Baraza la Mitihani humruhusu kurudia mwezi wa Mei akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Ikiwa ni Kemia, kusoma nyumbani hakutoshi, kwa sababu pana mtihani wa vitendo. Hakuna kitabu kiwezacho kuufundisha mkono kufunga bureti kwa tone lile lile linalogeuza rangi ya maji. Na atafute shule yenye maabara, aombe kufanya mazoezi huko.

Njia ya pili ni ndefu, nami naipenda zaidi: stashahada ya utabibu, miaka 3. Akihitimu aweza kufanya kazi ya tabibu katika zahanati, au katika hospitali kama zile za Rubya na Ndolage. Akiwa na wastani wa B, yaani GPA 3.0, aweza kuomba kusomea udaktari, miaka 5, naye amekwisha kuzoea wagonjwa.

Lakini hapa pana mtego. Aombaye kwa stashahada hutazamwa tena hati yake ya Kidato cha Nne: Hisabati, Fizikia, Kemia, Baiolojia na Kiingereza, kila somo lisiwe chini ya D. Tabibu hodari, apendwaye na wagonjwa wake, huweza kurudishwa mlangoni kwa ajili ya Hisabati aliyoiacha miaka kumi nyuma. Afadhali airudie mapema, kabla hajaanza stashahada, wakati mambo ya darasani yangali kichwani. Na kabla ya kulipa fedha yo yote asome mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu wa mwaka ule ule, kwani masharti hubadilika.

Mtihani wa Kidato cha Nne hufanywa Novemba, nao ndio wakati wa senene. Akina mama, nawasihi, msimwite mtahiniwa usiku kwenda kuwakamata penye taa. Wadogo zake watamwekea fungu lake.