Mishahara, Kodi na Faida ya Kampuni

Machimbo ya shaba ya Kilembe, juu ya mji wa Kasese, yalianza uzalishaji mwaka 1956, reli ilipofika. Kampuni haikulipa mishahara tu. Ilibeba pia nyumba na hospitali ya wafanyakazi. Bei ya shaba iliposhuka katika miaka ya 1970, na vipuri kuadimika, gharama hizo hazikushuka pamoja nayo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 uchimbaji ulisimama.

Hesabu hiyo yaihusu hata kampuni ya kukoboa kahawa pale Bwera. Ikimlipa mfanyakazi shilingi 500,000 kwa mwezi, sheria yaitaka ichangie 50,000 zaidi katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii. Mishahara hutolewa katika mapato kabla ya kukokotoa kodi ya asilimia 30, hivyo kila shilingi 100 ya mshahara hupunguza kodi kwa shilingi 30. Lakini hayo ni kwa kampuni yenye faida. Iliyopata hasara haina kodi ya kupunguza mwaka huo, na mshahara wadaiwa taslimu vilevile.

Kupanga hivyo ni halali. Kula kodi waliyokatwa wafanyakazi, au kuvusha bidhaa usiku bila ushuru mpakani Mpondwe, ni wizi, ijapokuwa wengine huuita werevu. Mishahara yenu, wapiganaji na polisi, imesamehewa kodi ya mapato kisheria. Ya mkoboaji wa Bwera haikusamehewa, nayo huingia katika hazina iwalipayo ninyi.