Kuni Zihesabiwe Kabla ya Mkopo

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Kitui)

Mmetuomba tuzungumze juu ya moto na taa za nyumbani: jiko lipi lifaalo, taa ipi, na pesa zitoke wapi. Tutaanza na pesa, kwa sababu vikundi vingi huanza na kifaa. Mtu anafika na pikipiki, amebeba sola ndani ya katoni, na kabla jua halijatua wanachama kumi wameshatia sahihi. Huenda kifaa chenyewe ni kizuri sana. Lakini katika hao kumi, ni nani anayejua nyumba yake inakula kuni ngapi kwa wiki?

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kupima, na haina gharama. Chukueni mizani ya kutundika, ile ya kupimia mahindi. Kwa siku 7 mama apime kuni asubuhi kabla ya kuwasha, na jioni apime zilizobaki. Aandike kwenye daftari la mtoto. Kama ni makaa, ahesabu mikebe. Aandike pia mafuta ya taa, kibiriti, betri za tochi, na zile shilingi za kuchajisha simu sokoni. Hizi za simu hazionekani kwa sababu zinatoka kidogo kidogo.

Sasa hapa tusikilizane vizuri. Katika kila kikundi kuna nyumba za aina mbili. Kuna anayenunua kuni, na kuna anayezitafuta mwenyewe. Anayenunua akipunguza kuni, shilingi zinabaki mkononi, na shilingi hizo zaweza kulipa deni. Anayetafuta akipunguza, kinachobaki ni saa na mgongo. Hayo ni mapato makubwa, lakini huwezi kuyapeleka kwa mweka hazina mwisho wa mwezi. Ukimkopesha huyu wa pili kama unavyomkopesha wa kwanza, atauza kuku ili alipie jiko. Tumeona jambo hilo katika zaidi ya kikundi kimoja.

Na hizo saa pia ziandikwe. Mara nyingi kuni ni mzigo wa mama, na mfuko ni wa baba. Baba akisema, “Kuni zetu ni za bure,” anasema kweli kwa upande wake. Mwekeeni daftari mezani aone saa ngapi kwa wiki mke wake hayuko shambani.

Kabla ya kutoa hata senti moja kuna mambo ya kufanya. Kuni zipasuliwe nyembamba na zikae chini ya paa mpaka zikauke kabisa. Ukichoma kuni mbichi, moto unafanya kazi ya kukausha maji yaliyo ndani ya kuni kabla ya kuchemsha yaliyo ndani ya sufuria. Mahindi na maharagwe ya isyo yalowekwe usiku kucha, na maji hayo yamwagwe. Sufuria ifunikwe. Tena ikishachemka, punguzeni moto, kwa maana maji yanayotokota kwa fujo hayana joto kuliko yanayotokota polepole. Hapo kuni zinapotea bure.

Halafu kuna kikapu cha kupikia, ambacho tungependa kila nyumba iwe nacho. Ni kikapu cha kawaida, kimejazwa nguo kuukuu au majani makavu pembeni na chini, na mto mzito wa kufunika juu. Maharagwe yaliyolowekwa yachemshwe kwa nguvu nusu saa, kisha sufuria iingie kikapuni na mfuniko wake, isifunguliwe kwa saa kadhaa. Yanaiva yenyewe wakati mama yuko shambani. Ile nusu saa msiipunguze, hasa kwa maharagwe mekundu, kwa sababu yana sumu ambayo huondolewa na kuchemka, haiondolewi na uvuguvugu. Mahindi makavu ya isyo pengine yatataka kurudishwa motoni kidogo. Na chakula kikiwa kimepoa, kichemsheni tena kabla ya kula.

Sasa jiko. Wengi mnalijua lile la makaa lenye udongo ndani ya bati, lililoanza kuuzwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, wazo lake likitoka kwa jiko la ndoo la Thailand. La kuni lenye chungu cha udongo uliochomwa, ambalo kina mama wa Maendeleo ya Wanawake walilieneza miaka hiyohiyo, linajengewa palepale jikoni kwa mawe na udongo. Majiko haya yakitunzwa na kutumiwa vizuri yanaweza kupunguza kuni au makaa kwa theluthi, hata karibu nusu. Likipasuka, au mama akisukuma magogo manne kwa mpigo, hakuna kinachopungua. Na jiko la kupunguza kuni si lazima liwe la kupunguza moshi. Dirisha litobolewe pia.

Tufanye hesabu ya mfano. Nyumba inanunua mizigo miwili ya kuni kwa wiki, kila mzigo shilingi 200, jumla 400. Jiko pamoja na fundi ni shilingi 1,000. Tuhesabu theluthi tu, tusijidanganye: inabaki shilingi 133 kwa wiki. Jiko limejilipa katika wiki ya 8.

Kikundi cha watu 20 kikitoa shilingi 50 kila mmoja kwa wiki, kinapata 1,000, yaani jiko moja kila wiki. Wa mwisho atangoja wiki 20, na mnajua wa mwisho kwa kawaida ni nani: ni mjane asiye na sauti mkutanoni. Lakini kama kila aliyekwisha kupata jiko anaongeza 50 nyingine kutoka katika zile 133 zake, hesabu inafungwa wiki ya 15. Wanaonunua kuni wapate kwanza na kutoa zaidi. Wanaotafuta kuni wafuate, watoe 50 zao tu. Mkiona ni vigumu kwao, basi kikundi kinunue chungu cha ndani peke yake, na ujenzi ufanywe kwa mwethya, kwa udongo wa kichuguu. Mwethya ulijenga matuta na mabwawa ya Ukambani. Jiko moja ni kazi ya asubuhi moja.

Turudi kwa yule wa pikipiki. Tangu mwaka 2012 hivi mpango wa kulipia sola kidogo kidogo kwa simu umeenea Kenya, na umewatoa watu wengi kwenye koroboi. Hatuupingi. Ila ulizeni: bei ya taslimu ni ngapi, na jumla ya malipo yote mpaka siku ya mwisho ni ngapi? Nisipolipa wiki mbili, taa inazimwa? Na betri ikifa, nani anabadilisha? Kisha rudini kwenye daftari. Kama mafuta ya taa na kuchajisha simu vinakula shilingi 30 kwa siku, na sola inataka 50, hizo 20 zinatoka wapi mwezi wa ukame?

Wenye stima tayari wana kazi fupi zaidi. Balbu ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa 4 kila usiku inakula uniti 7.2 kwa siku 30. Ya LED ya wati 7 haifiki uniti moja.

Mizani mbili ziko ofisini kwetu. Kikundi kije na barua yenye sahihi ya mweka hazina, kikae nazo wiki mbili, kisha kizirudishe pamoja na madaftari tuyasome wote pamoja. Kikundi kinachotaka kuomba mkopo wa jiko au wa sola kilete madaftari hayo kwanza.