Kamera Ilivyonifunza Biashara

(Mada iliyotolewa kwa vijana baada ya Tarawehe)



Ndugu na dada zangu, nimepewa dakika kumi, na najua tumbo lenye futari halitaki maneno mengi. Mada ni kijana na biashara. Mimi si mfanyibiashara mkubwa. Ni mwanafunzi wa chuo kikuu, napiga picha za harusi za wanawake hapa Mombasa nipate kujilipia karo. Basi nitasema ninachokijua, nacho ni kamera.

Mwenye kujifunza kamera huanza na mambo matatu. Kuna tundu la lenzi linaloingiza mwanga. Kuna kasi ya shata, yaani muda ambao mwanga unaachiwa kuingia. Na kuna ISO, yaani jinsi kamera inavyoukuza mwanga mchache. Sasa ukumbini siku ya kupamba taa ni hafifu, utataka mwanga zaidi. Ukilifungua tundu sana, bibi harusi atatoka safi lakini mamake aliye nyuma atakuwa ukungu. Ukiipunguza kasi mpaka sehemu moja ya 15 ya sekunde, mikono ya wapiga vigoma itatoka kama moshi. Ukiipandisha ISO mpaka 6400, picha itajaa chengachenga. Mwanga wa bure haupo. (Mtaniambia flashi ipo. Flashi ya usoni humfanya bibi harusi aliyepambwa kwa masaa manne aonekane kama amepakwa unga!)

Nilipoanza kupokea kazi sikujua kwamba biashara nayo ni hivyo hivyo. Nilitaka bei ya chini, kazi nzuri, na mteja apate picha zake haraka, vyote pamoja. Kupamba kwa kwanza nilitoza shilingi 3,000, albamu ikiwemo. Nilipokuja kupiga hesabu, kutoa picha kulikula 1,800, albamu 900, tuktuk ya kwenda na kurudi usiku 400. Yaani nilikesha siku tatu, na juu yake nikalipa shilingi 100 kutoka mfukoni! Hapo sijaihesabu kamera yenyewe, ambayo shata yake huchakaa kila unapobonyeza. Bei ikiwa chini lazima kuna mahali panapolipwa, ama kwa usingizi wako, ama kwa kazi mbovu anayopelekewa mteja. Afadhali uchague mapema utakachokikosa, kabla hujabonyeza.

Halafu jiulize mteja wako ananunua nini hasa. Mwaka 1975 mhandisi wa kampuni ya Kodak huko Marekani, Steven Sasson, aliunda kamera isiyotumia filamu. Picha moja ilichukua sekunde 23 kuingia kwenye kanda. Kodak walikuwa na kitu hicho mkononi mapema kabisa, lakini faida yao ilikuwa kwenye filamu, wakaona uzito kuiacha. Januari 2012 wakaenda mahakamani kuomba kinga dhidi ya wanaowadai. Kwa maoni yangu walisahau kwamba watu walikuwa wakinunua kumbukumbu, si filamu.

Na mimi nilidhani wateja wangu wananunua albamu.

Kupamba mnakujua. Wanawake huvua mabuibui, nywele wazi, na simu huzuiwa mlangoni. Mwenye kuruhusiwa na kamera ni mpiga picha peke yake. Mwaka juzi nilipeleka memori kadi kwenye duka moja la kutoa picha, nikaiacha nikakimbilia darasani. Wiki haikuisha, picha ya bibi harusi ikawa inazunguka kwenye simu za watu nisiowajua. Mpaka leo sijui nani aliinakili. Lakini kadi ilitoka mkononi mwangu.

Ningeweza kunyamaza. Madrasa tulisoma mlango wa biashara, kwamba muuzaji akijua aibu ya bidhaa yake ni lazima aidhihirishe. Tulikuwa tukisoma huku tunasinzia, mimi nikidhani ni habari za ngamia na tende. Nikaenda kwa mamake bibi harusi kabla hajaisikia kwa watu. Nikamwambia, "Mama, picha imetoka kwangu." Hakunigombeza. Aliniuliza, "Mwanangu, kwani mimi nilikulipa unilindie nini?" Sikuwa na jibu. Nikamrudishia pesa zake zote, na nikakaa miezi mitano siitwi na mtu.

Siku hizi dukani siendi. Shangazi alinikopesha pesa, bila riba alhamdulillahi, nikanunua printa ndogo, natoa picha mwenyewe chumbani polepole. Albamu ikishachukuliwa naifuta kadi mbele ya mteja. Na kufuta tu hakutoshi, kwa sababu ziko programu za kurudisha picha zilizofutwa. Kwa hivyo naijaza kadi tena mpaka pomoni kwa picha za ukuta. Bei ni 9,000 na albamu haitoki kabla ya siku 10. Wengine wakisikia hivyo hukata simu. Nawaelewa.

Mfungo Mosi unakuja, na baada ya Idi mnajua harusi zinavyopandana. Nimepokea tatu. Ya nne ilikuja jana, ya jamaa zangu wa Likoni, lakini imeangukia usiku mmoja na nyingine, nikawapa nambari ya dada mwenzangu. Katika hizo tatu, moja ni ya mdogo wake yule bibi harusi. Mamake alinipigia mwenyewe. Akanitajia siku, kisha akauliza swali moja tu, kadi itakaa wapi. Nikamweleza.